Mjomba Aliyetajwa Baada ya Mwenye Vipaza Sauti

Kosa ninalotaka kulianika hapa lina jina fupi: kutouliza. Sisemi ujinga, kwa maana mjinga anaweza kuuliza na ujinga ukamtoka. Nasema ile tabia ya mtu mwenye kipaji anayeamini kwamba kipaji chake kimekwisha kumweleza kila kitu, hivyo anaingia nyumbani kwa watu na gita begani na kuwaimbia maisha yao bila kuuliza hata jina la bibi yao. Msidhani tabia hii ilizaliwa na simu zenu. Niliikuta katika kazi nilipoingia, na nilipotoka niliiacha humo ikiwa na afya njema, ijapokuwa niliipiga mateke kadiri ya nguvu zangu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotunga nyimbo hapa Kalemie. Nimevuka hamsini, nami nimeliacha jukwaa mapema kuliko nilivyopanga, kwa sababu kidole cha tatu cha mkono wa kushoto kimekataa kujikunja. Kidole kikistaafu, mwenyewe naye hustaafu. Nimebaki na vitabu vyangu, na gita lililotundikwa ukutani, na ulimi ambao, kama mke wangu asemavyo, hautastaafu kamwe.

Siku chache zilizopita alinijia binti mmoja mwenye sauti nzuri kweli, akitaka nimsikilize wimbo aliokuwa ameutunga.

"Papa, ni wa ndoa ya kesho," akasema. "Majina yote walinitumia kwa simu."

"Wenyewe umewaona?"

"Nitawaona kesho, wakicheza."

"Na wasipocheza?"

Akacheka. Hakuna mtu wa Kalemie, akanihakikishia, asiyecheza kwenye ndoa. Nikamvutia kiti. Nilimsimulia siku ambayo hakuna aliyecheza, naye akaondoka mbio kwenda kwa wenye ndoa kabla jua halijashuka. Huyo nina matumaini naye. Ninyi wengine sijawaona mkikimbia, ndiyo maana naandika.

Kwanza mjue tulivyofanya kazi, maana nikisema "gita" ninyi mnaona kitu kinachochomekwa ukutani. Letu lilikuwa gita kavu, la mbao tupu. Nyuzi nyembamba tulizifunga kwa nailoni ya wavuvi, tukaichagua kwa kuivuta kwa meno: ile inayolia "ti" ni ya kamba ya kwanza, ile inayonyamaza ni ya kuvulia sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, mrudishie mvuvi. Nyuzi nene tulizipata katika waya wa breki ya baiskeli. Waya huo ni nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja. Unaufumua taratibu, unabakiza kiasi unachotaka, na unafumua kwa mkono uliofungwa kitambaa, la sivyo utacheza ndoa nzima huku damu ikikudondoka. Kuna mwenye baiskeli mmoja wa mtaani kwetu anayetuchukia mpaka leo. Breki zake zilituimbia vizuri sana.

Na kubadilisha sauti, ili gita limfuate mwimbaji wa sauti ya juu au ya chini, tulitumia krayo, yaani penseli ya shule. Unailaza juu ya nyuzi, kwenye shingo ya gita, unaifunga nyuma kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Ukitaka kupanda, unaisukuma krayo kuelekea tumboni mwa gita. Ukitaka kushuka, unairudisha. Ikumbukeni hiyo krayo. Ina kazi mbele.

Aliyenifundisha hayo yote alikuwa Papa Kalenga, mzaliwa wa Manono, mtunzi ambaye mpaka leo sijaona wa kumshinda. Alikuwa mrefu, mwenye suti moja ya kahawia na maneno mengi. Angeweza kuketi chini ya kivuli cha ukuta wa stesheni, akatazama mtu akipita na kuku mkononi, na kabla kuku hajafika sokoni wimbo ukawa tayari. Alinifundisha kwamba gita la pili ni kama ngazi: likitikisika, wa juu ataanguka, na watu watamcheka wa juu, si ngazi. Alinifundisha kunyamaza katikati ya ubeti ili maneno yapate hewa. Nilimpenda, nami ninapomsema hapa namsema kama mtu anavyomsema baba yake.

Lakini Papa Kalenga hakuuliza. Ukimwambia, "Papa, twende kwanza tuwaone wenye shughuli," alikujibu, "Mimi ni mutunzi ao ni polisi? Watu niulize ya nini? Muntu ni muntu." Alitaka majina tu, akayapanga yeye mwenyewe kama mtu anayepanga vikombe vya nyumbani kwake.

Mtu wa tatu katika kundi letu alikuwa mama mpiga chupa. Kwa wasiojua: nyimbo zile za gita kavu hazikuwa na ngoma. Mapigo yalitoka kwenye chupa tupu ya sukre, yaani soda, iliyogongwa kwa msumari, na mpiga chupa akilegea, wimbo wote unakaa chini. Huyo mama aliuza sukre na maandazi karibu na mahali tulipofanyia mazoezi. Siku moja alituvumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akaja na chupa na msumari, akasimama mbele ya Papa Kalenga.

"Munakimbia, munakimbia, kama mbuzi wameona mvua!" akasema. "Na mimi mbuzi nawajua. Muziki iko hapa."

Akagonga. Nasi, kwa mara ya kwanza, tukatembea pamoja. Hakuondoka tena. Tulimwita Mama Chupa, na jina likatosha. Alikuwa na mdomo mkali, alimtania kila mtu, na mimi, kwa kuwa nilikuja mazoezini na kitabu kwapani, aliniita Mwalimu. "Mwalimu," alikuwa akisema, "hiyo kitabu inasema nini juu ya kamba yako ya pili? Maana inalia kama mulango."

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu kwake. Shughulini tulipopewa nyama ya mbuzi, hakuigusa. Alitusukumia sahani yake. Papa Kalenga alisema mama huyu anaringa. Nasi hatukuuliza, tulikula.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya kupokea mahari. Bwana harusi alikuwa kijana wa Nyunzu, fundi wa pikipiki, wa familia ya wakulima walioheshimika. Bibi harusi aliitwa Anuarite, mshonaji, ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandari aliyeishi hapa mjini miaka mingi. Upande wa mama yake ulitoka Moba. Watu wa Moba walikuja kwa mashua, wakiongozwa na mjomba, kaka wa mama yake Anuarite, mzee mnene mwenye kofia ya manyoya ambayo hakuivua hata kwa joto.

Anuarite aliketi mkekani katikati ya uwanja, kitenge kimemfunika kichwa na uso. Kwa desturi ya ukoo wa mama yake, hakuna awezaye kukiondoa kitenge hicho ila mjomba, na mjomba akikiondoa, ndipo mahari imepokewa na binti ametolewa. Asipokiondoa, mbuzi wa mahari warudi, unga urudi, na binti arudi na wajomba zake. Padri alikuwa amekwisha kutangaza ndoa kanisani. Mambo yote ya wale vijana wawili yalikuwa chini ya mkono wa yule mzee.

Watu wa Manono, alikotoka Papa Kalenga, kwao mtoto ni wa baba. Kwa watu wa Moba wa ukoo ule, mtoto ni wa tumbo la mama, na mwenye kauli ni mjomba. Haya si maneno ya vitabu vikubwa. Ungeambiwa na mtu yeyote aliyekuwa uani akimenya vitunguu. Ila ungehitaji kwenda uani.

Papa Kalenga akaanza mlango wa wimbo. Mlango ni ule ubeti wa kwanza unaozikaribisha familia, na kila aliyetajwa husimama na kupunga mkono. Akamtaja baba wa binti, kelele, vigelegele. Akamtaja babu mzaa baba. Akamtaja baba wa bwana harusi na ndugu zake. Akawataja rafiki wa bwana harusi wa timu ya mpira, kwa namba za fulana zao. Akamtaja mwenye vipaza sauti, yaani mwenye bafle, kwa kuwa alikuwa ametukopesha kipaza kimoja. Na pale mwisho, akiwa tayari amekwisha kunipa ishara ya jicho kwamba tuingie katika sebene, ile sehemu ya gita bila maneno, watu wacheze, akasema kwa haraka, kama mtu anayefagia makombo: "na mujomba wa Moba, karibu."

Nikaingia katika sebene. Lilikuwa sebene zuri. Hakuna aliyecheza.

Mjomba alikuwa amesimama. Alisubiri mpaka nyuzi zangu zikanyamaza zenyewe.

"Nimesikia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha zaidi. "Mwenye bafle ni mukubwa kuliko miye. Vizuri. Basi mutoto apokelewe na mwenye bafle. Miye ni mugeni hapa. Kesho asubuhi mashua inarudi Moba, na mugeni anarudi na mizigo yake. Mutoto wa dada yangu njo muzigo wangu wa kwanza."

Baba wa bwana harusi akapiga magoti. Wazee wakasogea, wakaomba, wakatoa maneno matamu, na mzee akatikisa kichwa kwa kila neno. Mwenye vipaza sauti, maskini, alikuwa akizikunja nyaya zake kama mtu anayetaka kutoweka. Mimi nilikuwa karibu na mkeka. Nikasikia chini ya kitenge sauti ndogo ikisema, "Papa wa gita. Papa. Mufanye kitu, tafazali. Mujomba akisema anaenda, anaenda. Namujua."

Vijana, hiyo ndiyo kazi yenu. Mnafikiri mnauza burudani. Binti alikuwa chini ya kitambaa asione hata mwanga, na maisha yake yalikuwa yamekwama kwenye ubeti wa mtu aliyeona aibu kuuliza.

Papa Kalenga alikifanya alichokijua. Akaanza mlango upya, sasa akimsifu mjomba peke yake. Akamwita mlima, akamwita ziwa, akamwita nguzo iliyobeba Moba yote. Akamlilia machozi. Mzee akainua kidole.

"Simamisha, Papa. Hizo sifa zote muntu anaimbiwa akisha kufa. Unanizika?"

Mzee akainama kuchukua fimbo yake.

Ndipo nikasikia chupa. Kwanza taratibu, kwa pigo la mtu anayetembea. Mama Chupa alitoka nyuma yetu, akapita kati ya wazee bila kuomba njia, akasimama mbele ya mjomba karibu kabisa, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"We muzee," akasema, huku akigonga, "hiyo kofia uliitoa wapi? Hiyo ni kofia ya babu yangu. Mulimuibia kwenye matanga yake, na hamukumaliza hata kulia!"

Nilifumba macho. Mama mmoja akashika mdomo. Papa Kalenga alininong'oneza, "Mwalimu, tunakufa leo."

Mjomba alikunja uso. "Weye ni mutoto wa nani?"

"Unaniuliza? Pua yako haisikii harufu? Weye ni wa ukoo wa Chui, hata ukinyoa ndevu madoa yanaonekana. Na miye ni Mbuzi. Mbuzi wa Moba, Mbuzi wa kwa bibi yangu, Mbuzi kabisa. Njo nimekuja mwenyewe. Unikule!"

Nikaona kitu ambacho sijapata kukiona tena. Uso wa yule mzee ulipigana na cheko, ukashindwa. Lilianzia tumboni, likamtikisa mabega, kofia ikasogea. Kwa maana ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi ni watani tangu zamani za zamani, na mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana: anaweza kukutukana mbele ya watu kwenye ndoa na kwenye msiba, na ukikasirika, aibu ni yako.

"Mbuzi!" mjomba akasema, akipangusa macho. "Na nilikuwa nashangaa kwa nini uwanja unanuka."

"Unanuka meno yako, yana nyama za wajomba zangu katikati." Akanyoosha mkono, akaitwaa ile kofia, akaivaa yeye. Ilimshuka mpaka kwenye masikio. "Sikurudishii. Unataka kwenda Moba, uende kichwa wazi, wavuvi wazani ni boga linaelea. Ukitaka kofia, fungua mutoto anashindwa kupumua."

Sasa uwanja mzima ulikuwa unacheka, na watu wa Moba kuliko wote. Mzee akaketi. Lakini hakuwa mtu wa kununuliwa kwa cheko tu; alikuwa na haki yake, nami namheshimu kwa hilo.

"Nitafungua," akasema. "Wimbo uimbwe tena, kama inavyofaa. Na ule wa Manono apumuzike. Huyu mbuzi aimbe."

Mama Chupa hakuwa amewahi kuimba nasi. Akanigeukia. "Mwalimu, nifuate. Na usikimbie."

Akaanza juu sana, mahali ambapo gita langu halikuwa limewahi kufika. Nikaisukuma krayo, haikutosha. Nikaisukuma tena, ukanda wa mpira ukilia, mpaka karibu na tumbo la gita, ndipo nikampata. Papa Kalenga, ambaye kazi yake yote alikuwa gita la kwanza, alilishika gita lake polepole na kupiga la pili. Sitamsahau kwa hilo. Alikuwa mtu mkubwa, aliyekosa, na alijua kuwa ngazi.

Mama Chupa alianza na bibi mzaa mama wa Anuarite, akamtaja kwa jina na kwa kijiji, maana asubuhi alikuwa uani akimenya vitunguu na akina mama. Akamtaja mama wa binti. Akaja kwa mjomba, akamtukana kwa ubeti mmoja wote, tumbo lake, ukoo wake, hesabu ya mbuzi aliowala. Mzee akajibu kila mstari kwa kupiga fimbo chini, akicheka. Na mwisho wa ubeti, kwa sauti laini ambayo hatukujua kwamba anayo, Mama Chupa akamwomba amfungue mtoto wake. Ndipo akawataja baba na upande wa Nyunzu, kila mtu mahali pake. Hata mwenye vipaza sauti alipata mstari, wa mwisho, na aliupokea kwa shukrani kubwa.

Mjomba akaenda mkekani, akaondoa kitenge. Anuarite alikuwa amelia na alikuwa anacheka, wanja umemshuka mpaka mashavuni. Nikaingia katika sebene. Hapo, ndugu zangu, walicheza. Yule fundi wa pikipiki alicheza mpaka kiatu kimoja kikampotea, na hakikupatikana.

Tangu siku hiyo nilipopewa wimbo wa ndoa au wa msiba, niliacha gita nyumbani kwanza. Nilikwenda uani, nikashika kisu, nikamenya vitunguu pamoja na akina mama. Niliuliza: nani anakaa wapi, nani hasemi na nani, nani atajwe mbele ya nani, nani asitajwe kabisa. Nimeimba Kongolo, nimeimba Kiambi kwa watu waliotembea njia za msituni kuja kunisikiliza, nimevuka ziwa kuimba Kigoma, na kila mahali nilikuta kwamba nusu ya wimbo ipo uani inasubiri. Nyinyi mnasema nilikuwa na kipaji. Nilikuwa na macho mekundu kwa vitunguu.

Leo mna vyombo vizuri. Sauti zenu hazikwaruzi, nyuzi hazikati mikono, na hakuna mwenye baiskeli anayewakimbiza. Nafurahi, kweli nafurahi. Lakini chombo hakikuulizii. Simu itakuletea majina ishirini na haitakwambia ni nani kati yao amekuja na kofia yenye neno.

Nimalizie pale tulipomalizia. Watu walikuwa bado wanacheza, nasi watatu tulikuwa tumekaa pembeni na sahani zetu. Mama Chupa, kofia ya mjomba ikiwa bado kichwani kwake, alitusukumia nyama yake ya mbuzi kama kawaida. Papa Kalenga aliitazama ile nyama. Kisha akairudisha sahani, akavua miwani.

"Mama," akasema, "njo maana hukuli."

"Nikule ndugu zangu?"

"Miaka yote hii." Akaipangusa miwani. Sijawahi kumwona akitafuta maneno kabla ya hapo. "Tafazali, mama. Jina lako ni nani?"

Akaweka chupa chini. Alitutazama, Papa Kalenga kisha mimi, kwa namna ya mtu anayepima nailoni kwa meno.

"Leo njo munauliza? Nilizani mutaniuliza siku ya kuandika musalaba wa kaburi langu."

Akacheka, akaisogeza kofia nyuma ili tumwone uso, akalitamka polepole, akalirudia tena ili tusikosee. Nami nalirudia hapa, kwa herufi zote, mbele yenu ninyi mnaoanza kazi hii: Febronie Mwape.